Jinsi ya kubadili bolti na washa ya kumwagia oili kwenye gari lako la shamba

Tumeshazungumza sana hapa kuhusu mbegu, mbolea, dawa na soko. Leo tunaingia chini ya gari. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, sisi tunataka habari za nyanya, wewe unatuletea habari za spana." Sawa, lakini nyanya haziendi sokoni kwa miguu. Gari likikwama na mzigo umeshachumwa, hasara ni yako, si ya fundi.

Somo la leo ni kitu kidogo sana: bolti ya kumwagia oili ya injini, na washa yake. Bolti hiyo imekaa chini kabisa ya sampu, yaani lile karai la chuma linalobeba oili chini ya injini. Washa ni ile pete bapa inayokaa kati ya kichwa cha bolti na sampu. Kazi ya bolti ni kubana, na kazi ya washa ni kuziba. Wengi tunadhani bolti ndiyo inayozuia oili isivuje, kumbe ni washa. Ukielewa hilo, hutakaza bolti kupita kiasi, na huko kukaza kupita kiasi ndiko kunakoua sampu nyingi.

KWA NINI TONE MOJA LIKUUMIZE KICHWA

Tufanye hesabu kidogo. Matone 20 hivi hufanya mililita 1. Gari likidondosha tone moja kwa dakika, kwa siku nzima ni matone 1,440, sawa na mililita 72. Kwa wiki moja ni nusu lita. Kwenye gari nyingi ndogo, tofauti kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti cha kupimia oili haizidi sana lita 1. Maana yake, tone hilo unalolidharau linaweza kukutoa kwenye "full" mpaka kwenye "low" ndani ya wiki mbili tu.

Kwenye pampu ya umwagiliaji hali ni mbaya zaidi. Zile injini ndogo za petroli zina oili kama nusu lita tu. Hapo ukipoteza kidogo, umepoteza nyingi.

Oili ikipungua, ile pampu ya oili ndani ya injini huanza kunyonya hewa, hasa kwenye mteremko, mlima au kona, kwa sababu oili inahamia upande mmoja. Kijana mmoja wa kikundi ninachokihudumia alitoka Ilula na pikapu yenye matenga ya nyanya kuelekea Dar. Siku chache kabla alikuwa amebadilisha oili kwenye gereji moja, na bolti ikakazwa kwa spana iliyoongezewa bomba. Alipoanza kushuka Kitonga, taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzima kwenye kona. Akafanya jambo la maana sana: akasimama, akazima injini. Kuangalia chini, sampu imelowa na nyuzi za tundu zimelika, bolti inacheza. Injini ilipona. Lakini ilibidi akodi gari lingine, matenga yahamishwe barabarani, na alipofika sokoni bei ya asubuhi ilikuwa imeshapita. Washa mpya mara nyingi haifiki bei ya chipsi mayai.

KWANZA HAKIKISHA INAVUJA HAPO

Usikurupuke kununua bolti. Gari likitembea, upepo unasukuma oili kurudi nyuma, hivyo unaweza kukuta bolti imelowa wakati oili inatoka kwenye filta au kwenye gasketi ya sampu. Futa eneo lote kwa kitambaa mpaka likauke. Washa injini dakika chache, zima, kisha mulika kwa tochi. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa, ndiyo chanzo. Ikiwa juu ya bolti kote ni kukavu na tone linatoka kwenye ukingo wa washa, umepata jibu.

Halafu hakikisha ni bolti sahihi. Gari nyingi ndogo zina bolti ya pili karibu, ya kumwagia oili ya giaboksi. Watu wameshamwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakajazia injini mara mbili. Bolti ya injini iko kwenye sampu, chini ya injini yenyewe. Giaboksi imeungana na injini kwa pembeni au kwa nyuma, kutegemea gari. Ukiona kinachotoka ni chekundu na chepesi, rudisha bolti haraka, hiyo ni oili ya giaboksi ya automatiki.

KUNUNUA BOLTI NA WASHA

Wakati mzuri wa kazi hii ni siku ya kubadili oili, kwa sababu ukifungua bolti oili yote itatoka. Washa badilisha kila unapomwaga oili. Bolti si lazima kila mara. Badilisha bolti ikiwa kichwa kimeliwa na spana, nyuzi zimelala au zimelika, au imepinda.

Dukani usiseme tu "nipe bolti ya sampu". Taja aina ya gari, mwaka na injini. Gari nyingi za Toyota na Nissan hutumia bolti yenye kipenyo cha mm 12, na umbali kati ya uzi na uzi ni mm 1.25. Imeandikwa M12 x 1.25, na kichwa chake hufunguliwa kwa spana namba 14. Honda nyingi hutumia M14 x 1.5, spana namba 17. Hiyo namba ya pili ndiyo mtego. Bolti ya M12 x 1.5 ukiiweka kwenye tundu la M12 x 1.25 itaingia mizunguko michache kisha itagoma. Ukilazimisha, umeharibu tundu.

Kama unayo bolti ya zamani, ipeleke dukani. Zilaze mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi kwa nyuzi, uziangalie kwenye mwanga. Zikishikana kama meno ya zipu bila upenyo, uzi ni mmoja. Linganisha pia urefu na upana wa kichwa.

Washa ziko za shaba, za alumini na za aina nyingine bapa. Gari nyingi za Nissan hutumia ya shaba, Honda nyingi ya alumini. Nunua ile ya gari lako, tundu lake lilingane na bolti. Washa hizi ni laini makusudi. Zikibanwa zinajibonyeza na kujaza mikwaruzo midogo ya chuma. Ikishabonyea mara moja, mara ya pili haizibi vizuri, ndiyo maana tunabadilisha. Nunua mbili tatu, uziweke kwenye gari.

Tepu nyeupe ya mabomba usiweke. Silikoni pia usiweke. Vipande vyake vikikatika ndani ya sampu vinaweza kwenda kuziba chujio linalonyonya oili. Washa sahihi inatosha.

VIFAA

- Oili mpya na filta mpya ya gari lako
- Bolti (kama inahitajika) na washa mpya
- Spana ya boksi inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha bolti
- Beseni la kukingia, linalozidi kiasi cha oili ya gari lako
- Vitambaa safi, glovu na tochi
- Jeki na stendi mbili za chuma, kama gari liko chini na huwezi kuingia
- Dumu lenye mfuniko kwa ajili ya oili chafu

USALAMA, HAPA SINA UTANI

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, haikutengenezwa kumlinda mtu. Tofali za kuchoma na za bloku pia hapana, zinapasuka bila kuaga. Tumia stendi za chuma kwenye ardhi ngumu na tambarare, zikae sehemu iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari. Vuta handbreki, weka gia (au P kwa automatiki), zuia matairi yanayobaki chini. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mkono uone kama linatikisika. Ardhi ikiwa tope au mchanga, ahirisha. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha bila kunyanyua, na hiyo ndiyo njia bora.

Injini iwe ya vuguvugu, si ya moto. Iwashe dakika tano hivi, kisha zima. Oili ya vuguvugu inatoka vizuri na kubeba uchafu. Oili ya gari lililotoka safari ndefu inaunguza ngozi, subiri ipoe.

HATUA KWA HATUA

1. Fungua mfuniko wa kujazia oili juu ya injini. Hewa ikiingia juu, oili inatoka vizuri chini.

2. Weka beseni chini, ulisogeze kidogo kuelekea upande ambao kichwa cha bolti kinatazama. Oili hairuki chini moja kwa moja, inaruka mbele kwanza.

3. Kaza spana kwenye kichwa chote, kisha legeza. Ukitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, unazungusha kinyume na mishale ya saa. Wengi hukosea hapa kwa sababu wamelala chali, wanajikuta wanakaza. Tulia, jiulize kwanza kabla ya kutia nguvu.

4. Ikishalegea, weka spana pembeni, malizia kwa vidole huku ukiisukuma bolti kwa ndani. Ukihisi imefika mwisho, iondoe kwa haraka upande mmoja. Hivyo oili haitakumwagikia mkononi.

5. Iache itoke mpaka ibaki matone, kama dakika kumi. Wakati huo iangalie. Kuwa nyeusi ni kawaida. Ikiwa na rangi ya maziwa au chai ya maziwa, kuna maji. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, kuna kitu kinasagika. Hapo usijaze oili mpya ukaondoka, mwite fundi.

6. Itafute washa ya zamani. Mara nyingi imeng'ang'ania kwenye sampu, imefanana nayo rangi kwa uchafu. Ukiweka mpya juu ya ya zamani, itavuja. Ing'oe taratibu kwa ukucha au kipande cha mti. Usichokonoe kwa bisibisi, maana mkwaruzo wa bisibisi ni njia ya oili.

7. Futa uso wa sampu kuzunguka tundu kwa kitambaa safi. Usipige tupa wala msasa.

8. Vua washa ya zamani kama imebaki kwenye bolti, weka mpya, anza kufunga kwa VIDOLE. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Bolti inatakiwa iingie kwa vidole mpaka washa iguse sampu au ikaribie kabisa. Ikigoma mapema, imeingia upande. Itoe, isafishe, anza upya. Usimalizie kwa spana kitu ambacho vidole vimekataa.

9. Sasa kaza kwa spana. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kitabu chake. Kwa Toyota nyingi zenye bolti ya M12, ni kati ya nyutoni mita 35 na 40. Tulete hesabu ya shambani: 40 kwa spana yenye urefu wa sentimita 20 ni kama kuvuta uzito wa kilo 20 kwenye ncha ya mpini. Ni mkono mmoja, si mwili mzima. Ukiongeza bomba mpaka mpini uwe mita 1, ukavuta kwa nguvu ileile, umepeleka 200, mara tano ya inayotakiwa. Ndivyo nyuzi zinavyong'oka. Kama kikundi chenu kinaweza kununua spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mtaitumia kwa gari, trekta na pawatila.

10. Futa bolti na sampu vikauke kabisa, ili uvujaji mpya uonekane. Badilisha filta: futa inapokaa, hakikisha raba ya zamani haikubaki, paka oili kidogo kwenye raba mpya, kaza kwa mkono.

11. Jaza oili mpya kwa kiasi cha kitabu, lakini anza na pungufu kidogo. Mfano, Probox yenye injini ya 1NZ ya cc 1500 huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukijaza 3.3 kwanza, kisha ukapima na kuongeza, hutazidisha. Rudisha mfuniko wa juu.

12. Ondoa vifaa vyote chini, washa injini. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Iache inguruma dakika mbili tatu, chungulia kwenye bolti na filta kwa tochi bila kuingia chini. Zima, gari likae tambarare, subiri dakika tano, pima kwa kijiti.

Usiku huo tandika boksi jeupe au karatasi chini ya injini. Asubuhi ikiwa safi, kazi imekubali. Chungulia tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

IKIGOMA UFANYEJE

Bolti ikizunguka bila kukaza, nyuzi zimeondoka. Usiongeze nguvu, na usiende safari kwa matumaini. Tazama kwanza: kama nyuzi za bolti ndizo zimelika na za tundu ni nzima, bolti mpya inatosha. Kama za tundu zimelika, fundi mwenye vifaa anaweza kuchonga tundu na kuweka uzi mpya wa chuma ndani yake, ambao unarudisha kipimo cha zamani. Ikishindikana, sampu hubadilishwa. Kuna pia bolti nene kidogo ambazo zinajichongea uzi zenyewe. Hizo ni za kuokoa safari tu. Zinaacha chenga za chuma ndani ya sampu, na kwenye sampu ya alumini zinaweza kuipasua. Ukiwekewa, panga matengenezo ya kweli haraka.

Kama bolti imekazwa sana na aliyetangulia na kichwa kimeanza kuliwa, acha kabla hakijawa duara. Fundi ana njia ya kuitoa kichwa kikiwa bado kina kona.

OILI CHAFU SI DAWA

Hapa narudi kwenye kazi yangu ya ugani. Oili iliyotumika ina mabaki ya chuma na kemikali zenye madhara. Usiimwage kwenye mtaro, kitaluni wala karibu na kisima. Mimea haistawi kwenye udongo uliolowa oili, na maji yakichafuka hayasafishiki kirahisi. Wapo wanaoipaka ng'ombe ili kuua kupe, au kwenye kidonda cha mnyama. Acheni. Inaunguza ngozi, mnyama anailamba, na wewe unakunywa maziwa yake. Kwa kupe kuna dawa za kuogesha, njooni tuzungumze. Oili chafu itie kwenye dumu lenye mfuniko, liandike, lisiwe dumu la maji wala la mafuta ya kula. Kisha lipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu kwa wanaoichakata upya. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika mtoto au chakula.

ANDIKA KWENYE DAFTARI

Mkulima wa biashara ana daftari la shamba. Ongeza ukurasa wa gari. Andika tarehe, kilomita, aina ya oili, lita zilizoingia, na "washa mpya" au "bolti mpya, M12 x 1.25". Siku ukimtuma mdogo wako dukani, hatabahatisha. Na kila asubuhi ya kupeleka mzigo, kabla tenga la kwanza halijapanda, vuta kijiti uangalie oili, kisha inama uangalie chini. Haichukui dakika mbili.

Wiki ijayo tutazungumzia kusafisha chujio la hewa la pampu wakati wa kiangazi, vumbi linapokuwa jingi. Kazi njema.